Mtoa Habari Namba Nne

Maprofesa wetu wakikaribia kustaafu hupenda kutazama nyuma na kuyahesabu waliyoyaona madarasani. Malalamiko yao hukaribia kuwa mamoja: wanafunzi wamezidi kwa wingi, hawasomi, hukariri vya mtihani tu, na mhadhiri hapandi cheo kwa kufundisha vyema bali kwa makala alizochapisha. Nayasikiliza haya kwa heshima, na mengi ni kweli. Lakini liko moja wasilolitaja, nalo latuhusu sisi wapenzi wa ushairi kuliko yote. Je, wao walifundishwa na nani?

Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na ushairi wa kale ukaingia darasani kama mali ya karatasi. Karatasi hizo zilitoka wapi? Tungo za Muyaka wa Mombasa zilikusanywa katika karne ya 19 na Mwingereza W. E. Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, aliyefariki mwaka 1890. Diwani ilipotoka Johannesburg mwaka 1940, mhariri alikuwa W. Hichens. Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi na mchonga nakshi aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wageni miswada ambayo leo imo London na Ujerumani. Wajuzi wa namna hii, katika lugha ya chuo, huitwa “watoa habari”.

Watoa habari! Kana kwamba walishuhudia ajali ya gari njiani.

Niliwahi kusoma tasnifu moja juu ya tungo za kisiwani kwetu. Bibi aliyeziimba tungo zote, akayafasiri maneno magumu na kumsahihisha mtafiti, ametajwa mara moja tu, katika jedwali: Mtoa Habari Na. 4, mwanamke, miaka 70, hana elimu. Hana elimu! Na aliyeandika yale aliyofundishwa naye akavishwa joho.

Wapo watakaosema kuwa hilo ni suala la adabu tu, si la elimu. Sivyo. Tazama miswada yenyewe, iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika hati za kale herufi moja ilitumika kwa b na kwa p; alama ya kasri ilisimama badala ya i na e, na dhuma badala ya u na o. Basi neno “pepo” na neno “bibo” huandikwa sawasawa. Mshairi aliyemwomba Mola wake pepo, msomaji asiyejua atamkabidhi bibo! Anayeamua ni lipi kati ya hayo mawili ni yule aliyeusikia utenzi ukighaniwa tangu utotoni. Huyo ndiye msomaji wa kwanza wa mswada na mhariri wake wa kweli, na bila yeye profesa hana cha kufundisha.

Matokeo yake twayaona. Hutoka chuoni kijana mwenye alama za juu katika ushairi, ahesabu mizani kwa vidole, naye hajapata kusikia utenzi mmoja ukighaniwa tangu mwanzo hadi mwisho. Mwambie aghani beti tatu, atacheka kwa haya. Kisha huambiwa kosa ni lake, hapendi kusoma.

Hoja ya kuwa mjuzi hana shahada siielewi hata kidogo. Shaaban Robert hakuwa nayo, na vyuo vyamfundisha. Haji Gora Haji wa Tumbatu (1933–2021), aliyewahi kuwa baharia, aliiona diwani yake Kimbunga ikichapishwa na TUKI mwaka 1994. Kitabu chake kilifaa kuingia darasani. Kwa nini mtu wa namna yake asifae? Kumwalika mzee siku ya tamasha, apigwe picha na kupewa nauli, si jibu.

Ninachokitaka ni kidogo. Kila idara ifundishayo ushairi wetu iwe na nafasi moja ya mwalimu ambayo sharti lake si shahada bali ujuzi, yenye mshahara na kiti katika baraza la idara. Mwanafunzi asahihishwe na mwalimu huyo, kwa sauti, kabla ya karatasi ya mtihani. Na nafasi hiyo itangazwe redioni, maana waombaji wake wako Tumbatu, Wete na Siyu.