Hata Chaki Tununue Sisi?

Sisi wazazi wa Cimpunda, hapa Bukavu, tumechoka kuambiwa kwamba shule ni ya bure. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 43, inasema hivyo kuhusu shule za msingi za umma, na Septemba 2019 Serikali ilipotangaza kuanza kuitekeleza tulishangilia. Watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa prime, yaani pesa ya mzazi ya kumlipa mwalimu, walirudi darasani mbio. Madawati hayakuongezeka. Leo wanabanana wanne kwenye dawati la wawili, wengine wako chini vumbini, daftari magotini. Mwalimu anavunja chaki moja mara tatu ili imfikishe Ijumaa, na ikiisha, anayetumiwa habari ni mzazi.

Nani hasa mwenye shule hii ya watoto wetu? Rais Mobutu alizichukua shule za makanisa mwaka 1974, na Februari 1977 akatia saini mkataba na makanisa hayo: Kanisa lisimamie, Serikali ilipe mishahara. Za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbanguisti, zote zinaishi kwa mkataba ule. Lakini Serikali ilipolegea miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulituangukia sisi. Prime ilitoka kwa mama anayeuza ndizi soko la Kadutu, na kwa mwenzake anayepandisha magunia kutoka ziwani, kamba imembana kipaji cha uso. Tulinung'unika, tukalipa, mwalimu akala.

Kisha prime ikakatazwa. Sawa. Lakini wapo walimu wasio na namba ya matricule, ile ya kuandikishwa serikalini, wanaofundisha miaka nenda miaka rudi bila Kinshasa kuwalipa hata franka moja. Hao walinyang'anywa prime na mshahara hawakupewa. Juu ya hayo vita ikaja. Waasi wa M23 waliingia Bukavu katikati ya Februari 2025, benki zikafungwa, biashara ikalala. Hata mwenye namba akabaki kuuliza mshahara wake atautolea wapi. Mwalimu wa watoto wetu akitoka darasani anajitwika beseni la mikate hadi jioni. Kesho yake akichelewa, nani kati yetu atamfokea?

Sasa shule inatuomba mchango wa hiari. Hiari gani hii inayoandikwa kiasi chake kwenye karatasi, na mtoto asiyeileta anarudishwa nyumbani?

Wachungaji wetu na mapadri wetu, tunawaheshimu. Watu wa Kanisa walibaki nasi wengine walipokimbia. Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa katika mji huu huu, Oktoba 1996, baada ya kukataa kuwaacha watu wake. Kwa hiyo tunawadai zaidi kuliko tunavyomdai mwingine yeyote. Iteni mkutano wa wazazi, mfungue daftari la pesa mbele yetu: kilichoingia, kilichotoka, kilichopanda ngazi kwenda juu. Mama zetu wa likelemba, wanaochangiana pesa kwa zamu, wanampelekea mwalimu murongo (kipimo) wa maharagwe bila kusukumwa na mtu, na hawataacha. Kinachowauma ni kutoa bila kujua kinakokwenda.

Kinshasa iwape namba walimu hawa na iwalipe malimbikizo yao. Na anayeshika mji leo asituambie kwamba shule haimhusu. Bati la darasa la tatu limetoboka, mvua haziko mbali, na fundi anataka pesa mkononi. Tujibiwe kabla hajapanda juu ya paa: safari hii analipa nani?