Ndege zimehifadhiwa, walioziona je?

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie niongee kama profesa. Lakini kuna kazi moja ya historia ambayo msee yeyote mwenye simu anaweza kuifanya, na tunachelewa vibaya.

Mwaka jana nilikuwa kwa shosho, Othaya. Ndege ndogo ikapita juu, akacheka. Akaniambia hiyo si ndege, ndege ni zile za wakati wa hali ya hatari. Akaanza kuziigiza kwa mdomo. Moja ilikuwa na sauti kali ya kukwaruza, kama msumeno kwenye bati. Nyingine ilinguruma polepole, nzito, mpaka sufuria zikatetemeka jikoni. Alikuwa na miaka kama tisa.

Nikarudi Nairobi nikachimba. Mwaka wa 1953 Waingereza waliunda kikosi kilichoitwa 1340 Flight, cha ndege aina ya Harvard. Ni ndege ya mafunzo, injini moja, ikafungwa mabomu ya ratili 20. Harvard inajulikana kwa kelele kwa sababu ncha za propela yake huzunguka kwa kasi inayokaribia ile ya sauti. Huo ndio msumeno wa shosho. Baadaye mwaka huo zikaja Lincoln, injini nne, mabomu makubwa kabisa, zikilenga misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Zilipaa kutoka Eastleigh. Ndiyo, hiyo hiyo Eastleigh tunakonunua nguo. Uwanja wenyewe sasa ni Moi Air Base.

Yaani mwanamke ambaye hajawahi kufungua kitabu cha ndege alizitofautisha kwa masikio, miaka sabini baadaye!

Upande wa rubani uko salama. Vikosi vya Uingereza viliandika madaftari: nani alirusha, saa ngapi, kwa kazi gani. Yako kwenye makavazi ya taifa, Kew, London. Lincoln nzima imewekwa chini ya paa katika makumbusho ya Cosford. Siwalaumu, wametunza chao. Ila kutoka juu, msitu ni majani tu. Aliyekuwa chini ya yale majani hakuandikwa.

Guka wangu alikuwa chini. Alifariki 2019. Simu yangu ilikuwa imejaa video za mpira, na sikumuuliza hata swali moja.

Kuna wanaosema wazee husahau na kuongeza chumvi. Ni kweli, hata shosho huchanganya miaka. Ndiyo maana unalinganisha. Usimuulize ilikuwa tarehe ngapi, muulize mahindi yalikuwa yamefika wapi, ndege ilitokea upande gani, ilikuwa na sauti gani. Hapo una msimu, una mwelekeo, una aina ya ndege. Daftari la Kew litakupa siku. Na usianze na "tuambie kuhusu Mau Mau", utapewa hotuba ya Madaraka. Mwache aongee lugha yake, taja mahali na tarehe mwanzoni mwa rekodi, kisha weka nakala mbili, maana simu huibwa bana.

Nilipomuuliza shosho walikuwa wanajificha wapi, alinyamaza kwanza. Halafu akasema si mbali, anaweza kunionyesha. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, tukaahirisha.

Jumamosi hii narudi Othaya.