MATUSI YA KAMPENI YASITUNYANG'ANYE KURA

Wapo wananchi, hapa Mbwawa na kotekote Kibaha na Kisarawe, wasemao kwamba hawaoni sababu ya kwenda kituoni siku ya kura, kwa kuwa kampeni zimegeuka uwanja wa kutukanana na kuchafuana. Masikitiko yao ni ya haki. Uamuzi wao, hata hivyo, hatuna budi kuupima.

Je, ni kweli kwamba matusi huwafukuza watu vituoni? Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani, Stephen Ansolabehere, Shanto Iyengar na wenzao, waliandika kwamba matangazo ya kumshambulia mpinzani hupunguza wapiga kura. Lakini mwaka 2007 Richard Lau na wenzake, walipolinganisha tafiti nyingi za jambo hilo, hawakuona ushahidi wa kutosha.

Historia yetu nayo yatutahadharisha tusihukumu kwa haraka. Mwaka 2010 walijiandikisha watu zaidi ya milioni 20, nazo kura zilizopigwa zilikuwa milioni 8.6 tu. Mwaka 2015 kampeni zilikuwa kali, hata Rais mstaafu Benjamin Mkapa akawaita baadhi ya wapinzani "wapumbavu na malofa" pale Jangwani. Hata hivyo, waliopiga kura walizidi milioni 15 kati ya milioni 23 walioandikishwa. Ukali wa maneno peke yake, basi, haukuwazuia watu.

Yaelekea kinachomvunja moyo mpiga kura ni tuhuma isiyo na hatima. Mwaka 2007, pale Mwembeyanga, viongozi wa upinzani wakiongozwa na Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA walitangaza orodha ya watu waliowaita mafisadi, na jina la Edward Lowassa lilikuwamo. Mwaka 2015 CHADEMA hiyo hiyo ilimsimamisha agombee urais. Hatuamui hapa nani alikuwa na haki. Twauliza tu: mwananchi aliyeiamini tuhuma ile, alielezwa nini ilipofutwa? Tuhuma ikitupwa leo na kusahauliwa kesho bila maelezo, wananchi hujifunza kutomwamini yeyote.

Na wapo wanaoitaka hali hiyo. Mwezi Oktoba 2016 ofisa mmoja wa kampeni ya Donald Trump aliwaambia waandishi wa Bloomberg kwamba walikuwa na mipango ya kupunguza wapiga kura wa upande wa pili, kwa matangazo ya kuwavunja moyo. Hawakuhitaji kupendwa na watu hao. Iliwatosha wabaki nyumbani. Kwa hiyo mtu anayesusa kura kwa kuchukizwa na matusi asidhani amemwadhibu mtukanaji. Huenda amempa zawadi aliyoitamani.

Hatusemi kwamba wagombea wasikosoane. Kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi si tusi, bali ni haki ya raia, na mgombea anayekwepa swali hilo kwa kisingizio cha kukashifiwa anatukosea. Tusi humshambulia mtu kwa kabila lake, dini yake, jinsia yake au maradhi yake. Hoja humtaka ajibu kwa matendo yake. Anayeshindwa kutenganisha mambo haya mawili hupotezwa na yote mawili.

Ndugu wananchi, wajibu wetu ni wazi. Mgombea akimtuhumu mwenzake mkutanoni, tumwombe ushahidi hapo hapo, kwa adabu na bila woga. Habari ya kuchafua ikifika kwenye simu zetu bila mwenyewe kujulikana, tusiipeleke kwa jirani. Vyama vikumbushwe Maadili ya Uchaguzi vilivyoyatia saini. Na siku ya kura ikifika, twende. Tusipokwenda, watakaobaki kutuchagulia ni wale wale ambao matusi hayakuwachukiza.