Manowari za wageni, na sisi tutapanda ipi?

Tarehe 2 Aprili 2015, vita vikiwa vimepamba moto mjini Aden, manowari ya China iitwayo Linyi ilitia nanga bandarini hapo na kuwachukua watu 225 kutoka nchi 10. Walikuwamo Wapakistani, Wajerumani, Waingereza na Waethiopia. Wachina wenyewe, zaidi ya 500, walikuwa wamekwisha kuondolewa Yemen siku chache kabla. India nayo, kwa meli na ndege, iliwatoa raia wake zaidi ya 4,000 na kuwabeba pia wageni wa mataifa mengi.

Suala la kujiuliza ni hili: meli hizo zilitoka wapi upesi namna ile? Hazikutoka mbali. China ilituma manowari zake kulinda doria katika Ghuba ya Aden Desemba 2008, baada ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuruhusu kuwaandama maharamia hadi ndani ya maji ya Somalia, kwa ridhaa ya serikali ya mpito ya huko. Uharamia ukapungua, manowari hazikuondoka. Agosti 2017 China ikafungua kambi yake Djibouti, jirani na Wamarekani, Wafaransa na Wajapani.

Tusidanganyane, wasomaji wetu. Manowari hizo zimekuja kulinda mafuta, makontena na watu wa mwenye meli. Libya iliwafunza Wachina mwaka 2011, walipolazimika kuwaondoa raia wao zaidi ya 35,000 huku wakiwa na manowari moja tu ya kuwasindikiza. Kwa mtazamo wetu si dhambi hiyo. Dola lisilojali raia wake lina faida gani?

Linalotukera ni upande wetu. Julai 2024 wanajeshi wa China walifanya mazoezi na wenzao wa Tanzania na Msumbiji, na meli yao ya hospitali ikawatibu wagonjwa Dar es Salaam. Aprili 2025 ikawa zamu ya India, mazoezi hapo hapo Dar es Salaam pamoja na nchi kadhaa za Afrika. Ngoma zikapigwa, picha zikapigwa. Halafu?

Aprili 2023 Khartoum ilipowaka, manowari za China na India zilifika Port Sudan na kuwavusha raia wao hadi Jeddah. Wanafunzi wa Kitanzania walipanda mabasi hadi mpakani Ethiopia, ndipo wakapata ndege ya kuwarudisha nyumbani. Walifika salama, alhamdulillahi, na waliowapigania wanastahili shukrani. Lakini sisi tulio Ghuba, katikati ya bahari na makombora, hatuna mpaka wa kuukimbilia kwa basi.

Djibouti, nchi ndogo kabisa, inajua kujadiliana: kwa mkataba wa mwaka 2014 Wamarekani wanailipa dola milioni 63 kwa mwaka. Nairobi na Dar es Salaam hazina haja ya kuuza ardhi kwa mtu. Ila kila manowari ya kigeni inapoomba gati Mombasa au Dar es Salaam, mabalozi wetu wadai jambo moja, tena kwa maandishi: siku ya hatari, raia wetu wapate nafasi melini. Waethiopia wale wa Aden walipanda kwa ombi la dharura. Sisi tuna muda wa kuomba mapema.