Mtoto hapatikani, mke kapimwa, kichocho cha mume hakijaulizwa

Ndoa ina miaka kadhaa, mtoto hapatikani. Mke kapimwa, kapelekwa mpaka kwa mganga. Mume je? Hajagusa hata kikopo cha maabara. Na hata akikubali kwenda, kuna swali ambalo huenda asiulizwe: ulikulia wapi, na ulikuwa unaoga maji gani?

Swali hilo lina uzito. Kichocho cha mkojo, kile cha kukojoa damu, kinaletwa na minyoo ambayo vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, kuvua au kulima mpunga. Minyoo ikikomaa hutaga mayai kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Sasa kwa mwanaume, majirani wa kibofu ni tezi dume na vifuko vya shahawa. Mayai yanafika huko pia, yanaleta uvimbe na makovu, na makovu yanaweza kuziba njia ya mbegu.

Si habari mpya, daktari Madden aliiandika Misri mwaka 1911. Miaka ya karibuni, watafiti walipowapima wavuvi wa Ziwa Nyasa upande wa Malawi, takribani mmoja kati ya 10 waliotoa shahawa alikutwa na mayai kwa darubini. Wavuvi wa kawaida tu, wanaoendelea na kazi.

Tatizo ni kwamba dalili zinadanganya. Jamaa akiona damu kwenye shahawa anadhani ni kisonono, ananunua antibayotiki duka la dawa na kunyamaza. Akipimwa mkojo, majibu yanaweza kutoka safi wakati mayai yamo kwenye shahawa.

Halafu kuna kingatiba. Prazikwanteli kwa miaka mingi imegawiwa zaidi shuleni, na mvuvi wa miaka 30 hayupo darasani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa itolewe kila mwaka kwa kila mtu kuanzia miaka 2, watu wazima wakiwemo, palipo na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi. Ushauri mzuri. Ila kupanga watoto foleni ni rahisi kuliko kumsubiri mtu anayelala ziwani.

Na kuchelewa kuna gharama yake: prazikwanteli inaua minyoo, haifuti makovu.

Tuwe wakweli, si kila aliyeugua kichocho atakosa mtoto, na ugumba wa mwanaume una sababu nyingi. Lakini kama ulikulia Pemba, Kanda ya Ziwa au kwenye skimu ya mpunga, mwambie daktari mwenyewe, usisubiri akuulize. Mkojo wa kupima kichocho peleka mchana, kati ya saa 4 na saa 8, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Na umuulize kuhusu kupima shahawa.