Dhahabu Hailiwi

Tangu dhahabu ya Lupa ilipogunduliwa mwaka 1922, watu wametoka pande zote kuja Chunya kutafuta riziki, na Makongolosi ni mji uliokua kwa jasho lao. Lakini dhahabu hailiwi. Mchimbaji mwenye siku njema hununua chakula. Mwenye siku mbaya hurudi mikono mitupu, na watoto wanamngoja. Kwa hiyo twasema: kila nyumba yenye ua na ipande kitu, na sisi twalisifu tikiti maji.

Tikiti si mgeni kwetu. Asili yake ni bara hili la Afrika. Hupenda jua na udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Mashimo matano yenye samadi iliyooza vizuri, kila moja umbali wa mita moja na nusu na jingine, yatosha kuanzia, na kwa miezi mitatu hivi matunda huwa tayari. Mvua zikiisha, mwagilia penye shina, si juu ya majani. Usipulize dawa maua yakiwa wazi, maana nyuki ndio wachukuao chavua toka ua dume hata ua jike. Pasipo nyuki hapana tunda. Sehemu iliyolalia udongo ikigeuka manjano, tikiti limeiva.

Ndugu wasomaji, hapa pana neno zito zaidi. Zebaki ikamatayo dhahabu ni sumu. Ikichomwa nyuma ya nyumba, moshi wake huvutwa na mama na watoto, kisha hushuka juu ya udongo na majani. Bustani gani itafaa hapo? Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, ambao wataka uchomaji wa zebaki penye makazi ya watu ukomeshwe. Lakini mkataba hauwezi kulinda ua wa mtu peke yake.

Basi twawataka wenye makarasha watenge mahali pa kuchomea, mbali na nyumba, kwa chombo kinasacho moshi. Nao wenye nyumba wasimwagilie mmea wowote maji ya kuoshea dhahabu, wala wasilete udongo wa marudio katika bustani.

Mchumia juani hulia kivulini. Mchimbaji amekwisha kuchuma juani vya kutosha. Kivuli chake kisiwe na sumu.