Nani Amlishe Mwanagenzi?

Katika mtaa wa 16 mjini San Francisco lipo jengo lililojengwa mwaka 1914 kuwa makao ya vyama vya wafanyakazi. Humo ndimo yalimofanywa mashauri ya mgomo mkuu wa Julai 1934, uliolisimamisha jiji kwa siku 4 baada ya polisi kuwaua watu wawili kwa risasi katika mgomo wa makuli wa bandarini. Mwaka 1981 jengo hilo lilipata mpangaji mpya: Theatre Rhinoceros, kundi la maigizo ambalo Allan Estes alilianzisha mwaka 1977 kwa ajili ya jamii ya LGBTQ. Kundi likakaa humo hadi 2009. Nilipoketi kuandika habari za wanagenzi wa jukwaani, jengo hilo ndilo lililonijia kwanza. Waliokaa chini ya paa lile kabla ya waigizaji walikuwa wameshauliza swali ninalolirudia leo: anayefanya kazi kutwa, atakula wapi usiku?

Toleo hili la jarida letu linahusu watu wa nyuma ya pazia, na nimechagua kulifungua kwa majumba ya maigizo ya aina hiyo, yasiyotafuta faida na yanayowahudumia wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia. Najua wapo wasomaji watakaouliza kwa nini huko. Ni kwa sababu huko jeraha la uanagenzi usiolipwa linaonekana wazi kuliko kwingineko.

Kazi ya jukwaa haina kitabu kinachoitosha. Taa ishushwe kwa pumzi ngapi, maleba yafuliwe lini ili yakauke kabla ya onyesho la jioni, mfadhili gani apigiwe simu na yupi aandikiwe barua: haya hutoka mkono hadi mkono. UKIMWI ulikata mikono hiyo. Estes alifariki kwa ugonjwa huo mwaka 1984. Mwaka huohuo kundi lake likapandisha jukwaani The AIDS Show, onyesho lililoshonwa kwa vipande vya wasanii wengi, mwaka mzima kabla Rais Ronald Reagan hajautaja ugonjwa huo hadharani. Waliokuwa wakizika rafiki zao mchana ndio waliokuwa wakiwasha taa usiku. Ujuzi mwingi wa kizazi kile ulikwenda kaburini na wenyewe, na uliobaki uko vichwani mwa watu ambao sasa ni wazee. Mwanagenzi anayeingia katika jumba kama hilo amefuata masalio ya ujuzi huo, na wa kumfundisha wanapungua.

Sasa tazameni anayeweza kuingia. Uanagenzi usio na malipo una mlipaji wake, ila hatajwi: ni baba anayetuma kodi ya chumba, ni mama anayeacha chakula mezani. Mfumo mzima umeegemea nyumbani. Lakini kijana anayelihitaji jumba hili kuliko wenzake wote ni yule aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ileile iliyofanya jumba lianzishwe. Kumwambia ajitolee miezi mitatu ni kumwambia aegemee ukuta uliokwisha kubomolewa.

Nilimwona kijana wa namna hiyo. Miaka ya nyuma, nikiwa masomoni ng'ambo, nilikuwa mwanagenzi katika jumba dogo la aina hii, ambalo sitalitaja. Tulikuwa wawili. Mwenzangu ndiye aliyekuwa na mkono: alibandika alama za sakafuni gizani bila kupapasa, akashika muswada na kumkumbusha mwigizaji neno kabla mwenyewe hajajua kuwa amelisahau. Mchana alikuwa kwenye dirisha la tiketi. Wiki ya tano nikagundua kuwa analala kwenye kochi la chumba cha kuvalia. Wiki ya saba alipata kazi ya kuosha vyombo hotelini, na hatukumwona tena. Mimi nilibaki. Nilikuwa na kaka aliyenilipia chumba, na hiyo ndiyo tofauti iliyokuwapo kati yetu.

Hakuna sheria iliyovunjwa. Wizara ya Kazi ya Marekani hutazama kwa makini wanagenzi wasiolipwa katika makampuni ya biashara, lakini kwa mashirika ya hisani kwa kawaida inaruhusu mtu ajitolee bila kutazamia ujira. Wakurugenzi wengi huishia hapo. Mimi nasema ruhusa ya sheria haimpi mtu chakula.

Ufukara wa majumba haya siukani. Mwaka 1990 mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani uliwanyima ruzuku wasanii wanne, akiwamo Holly Hughes, ingawa jopo la wataalamu lilikwisha kuwapitisha. Watatu kati yao walikuwa wapenzi wa jinsia moja. Mei 2025 mfuko huohuo ukafuta ruzuku nyingi kwa barua pepe. Anayeendesha jumba katika hali hiyo hastahili kusimangwa. Wala sisemi kila jasho la bure ni dhuluma. Pale WOW Café, mjini New York, jukwaa lililotokana na tamasha la wanawake la mwaka 1980, hakuna anayelipwa mshahara. Hakuna bosi. Anayefagia leo kwenye onyesho la mwenzake, kesho atafagiliwa kwenye lake. Huo ni ujima, nami nauheshimu. Ninachokikataa ni nyumba yenye mkurugenzi wa mshahara na mwanagenzi wa shukrani.

Kwetu pwani neno mwanagenzi lina uzito wake. Mwanagenzi wa fundi seremala hushika randa bila kuhesabu saa, lakini sinia likiletwa hukaa na fundi wake wakala pamoja. Basi sinia liwekwe kwenye bajeti, juu kabisa, kabla ya pazia jipya na kabla ya karamu ya wafadhili. Fedha zisipotosha maonyesho manne, yafanywe matatu.

Na sisi tumeanza kwetu. Kwa miaka mingi jarida hili limepitishiwa muswada na vijana tuliowalipa kwa kuchapa majina yao ukurasa wa mwisho. Aliyesahihisha toleo hili amelipwa posho ya kila mwezi na nauli. Ndiyo maana lina kurasa nane pungufu.